Nusu ya Kidonge

Kama unakohoa na kukificha kitambaa mfukoni ili mkeo asione kilichomo, haya nimekuandikia wewe. Nilifanya hivyo hivyo msimu mzima wa mvua. Sasa nimepona, au niseme wenye hospitali wanasema nimepona, na mimi bado naipima kauli yao. Ukija Bwera siku ya soko utaniona nimesimama kando, nimeegemea ukuta, natazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Nilizaliwa hivyo, na kazi ikazidisha.

Kazi yenyewe ilikuwa forodhani, Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Nilipewa chuma chembamba chenye ncha. Gunia likiletwa na mwenyewe akaapa kwamba ni maharage, nilikidunga chuma ubavuni mwa gunia, nikakichomoa, nikatazama kilichotoka. Mara nyingi ilitoka kahawa. Siku moja mama mjamzito alivuka akiugulia uchungu, na nilipomsogelea kwa chuma changu akajifungua kilo nne za sukari pale pale barabarani. Watu walicheka, nami nilicheka, lakini tangu siku ile kila tumbo nililipigia hesabu.

Mke wangu Kavira nilimpata hapo hapo. Katika miaka ya sitini fujo za Kongo ziliwamwaga watu wa Beni na Butembo upande wetu, naye alivuka na mama yake na furushi moja. Nililifungua. Ndani mlikuwa na sufuria, rozari, kitenge kimoja, na majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, yamefungwa kwenye jani la mgomba. Nikamwuliza mtu anayekimbia risasi anabebaje mboga mbichi. Akanijibu kwamba hata huko anakokimbilia watu watasikia njaa. Nilimpenda kwa jibu hilo. Baada ya arusi yetu kanisani nilijisifu kwa wenzangu kwamba mimi ndiye mume pekee wa Bwera aliyekagua mzigo kabla ya kuoa.

Sasa nieleze desturi moja, maana bila hiyo hutaielewa aibu yangu. Kwetu sisi Wakonzo, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo pia, anayekupa kinywaji hukionja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Haina maana kwamba mnatiliana shaka. Ni adabu tu, mfano wa kubisha hodi. Asiyeonja ndiye hutazamwa mara mbili.

Baba yake Kavira alifariki mvua za Machi zilipoanza, nasi tukavuka kwenda kumzika. Nilifika msibani na kiu ya safari. Mkono fulani ukaninyoshea kibuyu cha pombe ya ndizi, nikakipokea nikanywa mpaka nikashusha pumzi. Kibuyu kilipokuwa kitupu ndipo nikajiuliza kama mwenye mkono ule alikuwa amekionja. Sikukumbuka. Niligeuka kumtafuta, nikaona mikono mingi na yote imeshika vibuyu. Kabla mwezi haujaisha nilianza kukohoa. Ukiwa na roho kama yangu, mambo mawili yakifuatana hivyo hayahitaji shahidi wa tatu.

Kikohozi kilianza kwa adabu, asubuhi tu. Mwezi wa tano kilikuwa kimehamia kwangu na virago vyake vyote. Niliamka shuka zimelowa. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine, mpaka ncha yake ikanizunguka karibu na mgongo. Pete ya ndoa ilinivuka nikinawa mikono, na Kavira akaifunga uzi mwekundu kwa ndani ili inikae. Damu ya kwanza niliitema nyuma ya ghala la forodha, nikaifukia kwa kiatu. Ya pili ilinitoka mezani, mbele ya Kavira na dada yangu Kabugho, na hapo siri ikawa imekwisha.

Kabugho ni mjane, na alikuwa akiishi nasi nyumba moja. Ananipenda, sikatai. Lakini mapenzi yake yana pilipili. Kavira alipokwenda kutafuta maji ya kusukutua, dada yangu alisogea akanikumbusha kwamba nilizika ukweni, na kwamba watu hawafi kwa kikohozi bali kwa kikombe. Akauliza kibuyu kile kilionjwa na nani. Nilijifuta mdomo, naye akatikisa kichwa kana kwamba nimemjibu.

Hospitalini tulikuwa na benchi letu. Hakuna aliyeliandika jina, lakini kila mtu alilijua, kwa sababu wagonjwa wa malaria na wa vidonda waliacha nafasi ya watu wawili kati yao na sisi. Nilimkuta hapo mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akiuza samaki wakavu Mpondwe, ambaye zamani nilimdunga magunia yake yote. Alinitambua. Akasogea kunipisha, akasema kwamba leo tumekaguliwa sote. Nilitafuta dharau katika sauti yake nisiipate, na hilo lilinisumbua zaidi.

Waliniambia ni kifua kikuu. Sindano sitini, moja kila siku isipokuwa Jumapili, halafu vidonge mwaka mzima na zaidi. Nilale peke yangu, niwe na kikombe changu, nisikohoe mbele ya uso wa mtu. Kiangazi chote cha Juni na Julai nilikipima kwa makalio. Leo kulia, kesho kushoto. Kufikia sindano ya thelathini nilikuwa nikikaa ubavu ubavu, na masikio yalianza kulia kama nyenje wa jioni. Muuguzi mmoja mnene, ambaye sikupata kumjua vizuri, aliniwekea hesabu yangu ya pande kichwani mwake. Hata nilipokosea na kugeuka vibaya alinigusa bega akasema, "Hapana, Baluku, jana ilikuwa hiyo." Sijui kwa nini jambo dogo vile lilinitoa machozi. Kuna mtu anayekumbuka jana yako, nilijiambia.

Sindano zilipokwisha nilikuwa nimepata nafuu, na mvua za Septemba zikanikuta na vidonge. Kimoja kikubwa, cheupe, kila asubuhi. Miguu yangu ilikuwa bado fito, kwa hiyo Kavira ndiye aliyekwenda kila mwezi kupokea pakiti na kuileta imefungwa kwenye kitenge. Pakiti ya kwanza ilipofika, Kabugho aliichukua, akaigeuzageuza, akaniuliza kwa sauti ya chini imepitia mikono ya nani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na naomba ulisome polepole. Nilikitoa kidonge, nikakiweka kwenye kiganja cha mke wangu, nikamwambia aonje.

Uji aliuonja siku zote. Maji aliyaonja, hata kutoka kwenye kikombe changu ambacho hospitali ilisema asikiguse. Sikujali. Lakini kidonge si uji, hakina ukingo wa kulamba. Kavira alinitazama muda mrefu, halafu akakitia kwenye meno ya nyuma akakivunja. Nusu akaitafuna, uso ukamkunjamana kwa uchungu, akameza. Nusu ya pili akanirudishia, imelowa mate. Nilisubiri mpaka jua lilipofika kwenye kizingiti. Alipokuwa bado anatembea na kupumua, nikameza yangu.

Tulifanya hivyo kila asubuhi. Mvua za Septemba zikapita, Krismasi ikapita, kiangazi kifupi kikapita. Baadhi ya siku alitoka mbio kwenda kutapika nyuma ya nyumba. Ngozi ya mikono ikaanza kumwasha, akajikuna mpaka ikatoka magamba. Niliyaona yote hayo nami sikumwonea huruma, niliyaandika moyoni kama ushahidi. Nilimweleza Kabugho, naye akasema sumu humjua mwenyewe, humtapisha tu isimwue. Maneno hayo yalinikaa vizuri, Mungu anisamehe.

Kisha, mvua za Machi ziliporudi, kikohozi nacho kikarudi. Karibu na Pasaka nilitema damu tena. Niliketi kwenye benchi letu, peke yangu safari hii, maana yule mama wa samaki alikuwa amepona na amerudi kwenye biashara yake. Mganga msaidizi aliyeshika faili yangu alikuwa mtu wa upande wa mashariki, mpole, aliyezungumza huku akichongoa penseli. Alisoma majibu ya makohozi, akaweka kisu chini.

"Baluku, dawa hii haina ujinga," alisema. "Kama ugonjwa inarudi, basi dawa inaenda kwa mtu mwingine. Wewe nauza ng'ambo?"

Ilijulikana kwamba vidonge vyetu vilikuwa na soko Kongo. Lakini kuambiwa mimi, mwenye chuma cha kukagulia, kwamba navusha magendo! Nilikana, naye akanitazama kwa jicho ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwatazamia watu pale mpakani, jicho linalosema endelea tu, nasikia. Alinipa mpaka katikati ya Juni. Nikirudi na makohozi yale yale, angelazimika kunipeleka mbali kwa wakubwa wake na kuwaandikia wakubwa wangu pia. Kwa hiyo nilikuwa na wiki kadhaa za kujua nani ananiua, na kama ningechelewa ningepoteza kazi kwanza na pumzi baadaye.

Sikumwambia habari ya kuonja. Nadhani haikunijia kabisa. Kuonja ilikuwa adabu, na adabu huiingizi kwenye maelezo ya hospitali.

Kabugho ndiye aliyeleta wazo la Namugongo, kule karibu na Kampala. Parokia yetu ilikuwa ikipeleka mahujaji kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, mwanzoni mwa Juni, na kanisa jipya lilikuwa limekwisha kujengwa pale walipochomwa moto kwa ajili ya imani yao. Dada yangu alisema kwamba penye damu ile hakuna mtu anayeweza kusema uongo akarudi kwao salama. Nimpeleke Kavira, nimpigishe magoti, aape kwamba yeye na watu wake hawakunipa kitu. Akikataa, nitajua, na nitamrudisha kwao ng'ambo ya mto. Nilikubali. Usifikiri nilikubali kwa shingo upande. Nilikuwa mtu anayekufa, na nilitaka jina la kufa nalo.

Kavira nilimwambia tunakwenda kuombea kifua changu. Alifurahi. Alikaanga karanga, akashona mto mdogo wa pamba niukalie, kwa sababu alijua makalio yangu hayajazisamehe zile sindano. Aliosha jerikeni ya kurudi na maji ya Namugongo. Kila alilolifanya niliona lina nia nyuma yake. Hata ule mto niliubonyeza, nikatafuta kama mna kitu ndani.

Tulipanda lori la pamba mpaka Kasese, tukipitia Muhokya, vumbi likinikohoza njia nzima, na mchana tukawa stesheni tukingoja treni la Kampala. Wakati ule serikali ilikuwa ya wanajeshi. Askari watatu walisimama mlangoni wakifungua mizigo. Nilijipanga kwenye mstari, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua mkao wa mtu anayekaguliwa. Mabega yanashuka yenyewe hata kama huna kosa.

Askari aliyetufikia alikuwa kijana mrefu mwenye macho mekundu. Aliutoboa mto wangu kwa kisu, pamba ikatoka. Akaipata pakiti ya vidonge.

"Mzee, hii nini?"

"Dawa ya kifua, afande."

"Dawa? Hapana sumu ya kutia watu kwa maji?"

"Ni dawa, afande."

"Kama dawa, kula. Kula mbele yangu."

Koo lilinikauka. Nilijua ni dawa, nilikuwa nimeimeza miezi tisa, na bado nilisita, kwa sababu mtu mwenye bunduki akikuamuru ule kitu chako mwenyewe unaanza kukiogopa. Nikakitoa kidonge. Ndipo Kavira, bila kuambiwa na mtu, kwa mazoea tu, akakichukua kutoka vidoleni mwangu, akakivunja kwa meno, akatafuna nusu yake na kunipa nusu. Nami nikaimeza.

Askari alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Mama, wewe pia mgonjwa?"

"Hapana, afande. Miye niko muzima."

"Sasa nakula dawa ya mgonjwa kwa nini?"

Kavira hakunitazama. "Bwana yangu iko na woga ya sumu," alisema. "Miye ninaonja mbele."

"Leo tu?"

"Kila siku. Nusu yangu, nusu yake."

Yule kijana aliikuna shingo. Akanigeukia, na sauti yake haikuwa tena ya amri.

"Mzee, gari inataka petroli debe mbili, wewe natia moja. Itafika Kampala?"

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka, kisha wengine. Askari hakucheka. Alinirudishia pakiti na mto wenye tundu, akatupungia mkono tupite. Sijui jina lake wala alikoishia. Madaktari wote walionisikiliza kifua hawakuona alichokiona yeye. Siwalaumu, kwani ni yeye pekee aliyepata kutuona tukimeza.

Treni lilipokuwa likivuka mafunjo ya ziwa nilikaa nikiangalia magoti yangu. Miezi tisa. Nilijaribu kuikataa hesabu ile kila upande, nikaidunga kwa chuma huku na huku, na kila mara ilitoka kitu kile kile. Hakuna aliyekuwa akiniua. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiugawa uzima wangu vipande viwili kila asubuhi, nikamlisha mtu mzima dawa kali isiyo yake, kisha nikamhesabia kutapika kwake kama hatia. Nilisikia aibu, tena aibu ya mwilini, ya kutaka kushuka treni likiwa linakwenda.

Kavira alikuwa akirudisha pamba kwenye mto. Nilimwuliza kwa nini hakusema kwamba dawa ile inamtapisha na kumwasha. Alishona kidogo kabla ya kujibu.

"Ningesema, weye ungesema nini? Ungesema ni sumu." Akakata uzi kwa meno. "Kama miye ningekatala kuonja, weye ungekatala kumeza. Nusu iko muzuri kupita bure."

Basi alikuwa amejua. Sidhani alijua habari za vipimo vya dawa, lakini mimi alinijua. Nilifungua mdomo niombe radhi, nikaanza kukohoa, na kikohozi kilipokwisha maneno yalikuwa yamekwenda.

Namugongo tulifika kesho yake, kwa basi na kwa miguu, tukipumzika kila nilipoishiwa pumzi. Sijapata kuona watu wengi vile wasiouza kitu. Waganda walikuwepo, Waacholi, Wanyankole, watu wa Rwanda, hata Wakongo waliokuja na nyimbo zao. Kanisa ni la duara, limechongoka juu mfano wa nyumba za Kiganda za zamani, na nguzo zake ni ishirini na mbili, moja kwa kila shahidi. Nilizihesabu. Kavira alikuwa akisali, mimi nahesabu nguzo nione kama hawakutudanganya.

Katekista wa parokia yetu alitukalisha kivulini akatusimulia. Habari zile nilizijua tangu utoto, lakini nilikuwa sijazisikia nikiwa na mwili wa mgonjwa. Safari hii sikuuwaza sana moto. Nilikamatwa na zile siku za kungoja. Vijana wale walifungwa hapa karibu wiki nzima kuni zikikusanywa, wanaisikia sauti ya mashoka, wanajua ni za nini. Nilifikiri juu ya benchi letu. Katekista akasema hao hawakuwa adui waliotoka mbali. Walikuwa watumishi wa ndani ya nyumba ya mfalme, waliomletea maji na kulala mlangoni pake, na mfalme akaingiwa na shaka juu yao. Niliinuka nikaenda kutafuta hewa.

Chini ya kanisa kuna bwawa, na watu walikuwa wakichota maji. Kavira alinifuata na jerikeni. Alipiga magoti ukingoni, nikadhani anachota, lakini aliiweka jerikeni kando akatulia vile vile, mikono juu ya mapaja.

"Baba Masika," alisema, akiniita kwa jina la binti yetu wa kwanza, "nyumba yetu iko na ukuta ya udongo, na Kabugho hajui kusema polepole. Miye nilijua toka Bwera juu ya nini unanileta. Niko tayari. Uniapishe."

Amekaanga karanga akijua. Ameshona mto akijua. Nilitazama kulia na kushoto kwa tabia yangu, nikaona mahujaji wanatazama maji yao. Dada yangu alikuwa amenipa maneno ya kiapo, nimeyakariri tangu Pasaka, na sikulikumbuka hata moja. Wala sikutaka kulikumbuka.

Nilikuwa na kikombe changu cha bati kiunoni. Nikainama, nikakisugua kwa maji na mchanga mara tatu, nikachota. Nilikuwa nimekwisha kunyosha mkono kumpa nikasita. Nikakirudisha mdomoni kwangu, nikanywa funda moja mbele ya macho yake, nikafuta ukingo kwa upindo wa shati, ndipo nikampa. Nikamwambia kwamba anayepaswa kuthibitisha usafi wa mikono yake hapa ni mimi.

Hakunywa upesi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akayatazama yale maji, akayatazama kama mimi nilivyokuwa nikiutazama uji wake. Nilistahili. Nikasimama pale mabega yameshuka, nikingoja, na sijui ilichukua muda gani. Halafu akanywa. Akachota ya jerikeni, akafunga kizibo, akaniambia tuwahi basi.

Nilirudi kwa mganga msaidizi siku aliyoniwekea, nikamweleza yote, pamoja na habari ya askari na madebe ya petroli. Alisahau penseli yake mkononi. Akanianzishia upya, sindano ya kwanza kati ya sitini nyingine, na akaagiza Kavira apimwe, maana amekunywa kikombe kimoja nami na kuvuta pumzi yangu karibu mwaka mzima. Majibu yake yalichukua siku nne. Nimengoja mengi katika ugonjwa huu, na hakuna kungoja kulikonila kama huko. Hakuwa nao. Siku ile nilikwenda nyuma ya hospitali nikalia kwa sauti, na yule muuguzi mnene akapita akajifanya hajaniona.

Vidonge vya mara ya pili nilivimeza vizima, misimu minne ya mvua na kiangazi, mpaka mganga akaifunga faili. Kabugho bado yupo nasi. Bado anaona tulidanganywa mahali fulani, ila hajapata ni wapi. Forodhani walinihamishia ofisini, mbali na magunia, na chuma changu amepewa mwingine.

Wewe uliye kwenye benchi, nina neno moja tu la kukupa, nalo nililipata kwa askari. Meza kizima. Mshuku mkeo ukitaka kumshuku, mimi siwezi kukuponya hilo, lakini kwanza meza.

Nyumbani kwetu siku hizi chai naimimina mimi. Naijaza, naionja kwanza mbele yake, nafuta ukingo, nampa Kavira. Sasa imepita miaka. Yeye huipokea, hunywa, husema asante. Kuniambia niache, bado hajaniambia.